Shujaa na Damu ya Nyumbani: William Wallace katika Utendi wa Hary Kipofu

Utangulizi

Katika mji wa Lübeck, Ujerumani, kumehifadhiwa barua fupi ya Kilatini iliyoandikwa tarehe 11 Oktoba 1297. Barua hiyo, iliyotolewa kwa majina ya Andrew Moray na William Wallace, inawaarifu wakuu wa miji ya Lübeck na Hamburg kwamba ufalme wa Uskoti umekombolewa kwa vita kutoka mikononi mwa Waingereza, na kwamba wafanyabiashara wao wanaweza tena kuzifikia bandari zake kwa usalama. Muhuri wa barua unamtaja William kuwa ni mwana wa Alan. Takribani miaka 180 baadaye, mtunzi anayejulikana kwa jina la Hary Kipofu alitunga utendi mrefu, The Wallace, ambamo baba wa shujaa huyo huyo anaitwa Malcolm.

Tofauti hiyo ya jina ni ndogo, lakini inawakilisha shutuma yote ambayo utendi wa Hary umeelekezewa kwa karne tano. Mwanachuoni John Mair, katika historia yake ya mwaka 1521, alimtaja Hary kuwa mtu aliyezaliwa kipofu, aliyejipatia chakula na mavazi kwa kusimulia hadithi mbele ya wakubwa, kisha akasema kwamba maandishi ya namna hiyo yeye huyasadiki kwa kiasi tu. Tangu hapo wahakiki wengi wamemweka Hary katika mizani ya mwanahistoria, na kila walipompima ameonekana kupunguka.

Makala haya yanapendekeza kipimo kingine. Yanashikilia kwamba masimulizi ya ukombozi hayapimwi kwa usahihi wa tarehe zake pekee, wala kwa ukali wa picha ya mgeni anayekalia nchi. Yanapimwa pia, na pengine zaidi, kwa jinsi yanavyoishughulikia damu ambayo shujaa ameimwaga miongoni mwa watu wake mwenyewe. Kwa kipimo hicho, utendi wa Hary, pamoja na uongo wake wote, unathubutu kusema jambo ambalo The Brus ya John Barbour inalifunika na ambalo filamu ya Braveheart ya mwaka 1995 inalifuta.

Mazingira ya kihistoria

Mgogoro uliomzaa Wallace ulianza kwa ajali. Usiku wa tarehe 19 Machi 1286, Mfalme Alexander III wa Uskoti alikufa karibu na Kinghorn alipokuwa akisafiri kwa farasi. Mrithi wake, mjukuu wake Margaret wa Norwei, alifariki mwaka 1290 akiwa mtoto. Edward I wa Uingereza aliombwa kuamua baina ya wadai wa kiti, na mwaka 1292 John Balliol akatawazwa. Mwamuzi hakukubali kubaki mwamuzi. Mwaka 1296 Edward aliivamia Uskoti, akauteketeza mji wa Berwick, akamwondoa Balliol na kulichukua jiwe ambalo juu yake wafalme wa Uskoti walitawazwa. Jiwe hilo halikurejeshwa hadi mwaka 1996.

Wallace anaingia katika historia mwezi wa Mei 1297, kwa kumwua William Heselrig, liwali wa Mwingereza katika mji wa Lanark. Tarehe 11 Septemba mwaka huo, yeye na Moray waliwashinda Waingereza katika daraja la Stirling. Moray hakuumaliza mwaka. Wallace akawa Mlinzi wa Ufalme kwa niaba ya Balliol aliyekuwa kizuizini, lakini tarehe 22 Julai 1298 alishindwa huko Falkirk, akauacha wadhifa wake. Mwaka 1305 alikamatwa karibu na Glasgow kwa mkono wa Mskoti mwenzake, John Menteith. Tarehe 23 Agosti alihukumiwa mjini London kwa kosa la uhaini, kosa ambalo kwa mujibu wa kumbukumbu alilikana, kwa kuwa hakuwahi kumwapia Edward utii. Aliuawa siku hiyo hiyo, na viungo vyake vikapelekwa Newcastle, Berwick, Stirling na Perth.

Haya ndiyo tunayoweza kuyashika kwa uhakika. Ni maisha ya miaka minane tu mbele ya umma, na baadhi ya miaka hiyo ni kimya. Katika kimya hicho ndipo fasihi ilipojenga.

Ukimya wa Barbour

Barbour, shemasi mkuu wa Aberdeen, alitunga The Brus mnamo mwaka 1375, wakati wa utawala wa Robert II, mjukuu wa Mfalme Robert Bruce. Msomaji wa tenzi za Kiswahili akiusikia mwendo wa mishororo yake yenye mizani nane hivi huenda akadhani yuko nyumbani. Lakini hapa hakuna ubeti wa mishororo minne, bali mishororo hufuatana miwili miwili kwa kina cha mwisho, kwa zaidi ya mishororo 13,000. Katika urefu wote huo, jina la William Wallace halitajwi.

Ukimya huu si wa bahati mbaya. Wallace alipigana kwa jina la Balliol, na ukoo wa Bruce ulikuwa mshindani wa Balliol. Tena, Bruce mwenyewe alikuwa amerudi katika utii wa Edward tangu mwaka 1302, naye alikuwa bado katika utii huo Wallace alipokuwa akikatwakatwa mjini London. Mtunzi anayepokea tuzo kutoka kwa mjukuu wa Bruce asingeweza kumtaja mfia-nchi huyo bila kumfanya msomaji aulize: je, mfalme wetu alikuwa wapi siku ile? Barbour analikwepa swali kwa mbinu mbili. Kwanza, anaruka miaka. Pili, anamuunganisha Bruce aliyedai kiti mwaka 1291 na mjukuu wake aliyetawazwa mwaka 1306, hata wakawa mtu mmoja aliyeupinga utawala wa Edward tangu mwanzo. Haya yanatendwa na mtunzi ambaye katika utangulizi wake anaahidi ukweli, akisema kwamba hadithi ya kweli huleta raha maradufu. Ni vyema wanaomlaumu Hary kwa kupotosha historia wakumbuke kwamba Barbour, anayesifiwa kwa uaminifu, amepotosha pia. Tofauti ni kwamba yeye ameongopa kwa adabu ya baraza la mfalme.

Hata hivyo Barbour hakuweza kuliruka tukio moja. Tarehe 10 Februari 1306, ndani ya kanisa la watawa wa Mtakatifu Fransisko mjini Dumfries, Bruce alimchoma kisu John Comyn, mpinzani wake wa kisiasa na Mskoti mwenzake. Namna Barbour anavyolisimulia tukio hili yafaa kuchunguzwa. Anamsawiri Comyn kama msaliti aliyeivujisha siri ya mapatano yao kwa Edward; kwa hiyo kifo chake kinaonekana kuwa malipo. Kisha anakiri kwamba Bruce alikosea sana, kwa kuwa hakuiheshimu hifadhi ya madhabahu, na kwamba taabu zilizomfika baadaye zilitokana na kosa hilo. Kosa limekirika, lakini limehamishwa. Aliyekosewa ni madhabahu, si Comyn. Deni linalipwa kwa njaa na kukimbia milimani, na ifikapo vita vya Bannockburn mwaka 1314, hesabu imefungwa. Maiti wa Dumfries hana sauti tena katika utendi.

Hary na siasa ya hasira

Hary alitunga utendi wake mnamo miaka ya 1476 hadi 1478, na nakala pekee ya mkono iliyosalia ilinakiliwa na John Ramsay mwaka 1488. Wakati huo Uskoti haikuwa chini ya Waingereza. Kinyume chake, Mfalme James III alikuwa akitafuta urafiki nao. Mwaka 1474 alifanya mkataba wa kumposea mwanawe binti wa Edward IV. Utendi wa Hary hauna budi kusomwa dhidi ya mkataba huo. Mgeni anayelaaniwa ndani yake ni Mwingereza wa mwaka 1297, lakini anayesutwa ni mkuu wa nyumbani wa miaka ya 1470 anayetaka kuketi meza moja naye. Hapa kuna tofauti ya msingi baina ya watunzi hawa wawili: Barbour anamtetea aliye kitini, ilhali Hary anamkaripia.

Mwelekeo huo unaeleza mengi katika fani ya utendi. Shujaa wa Hary si mwana wa mfalme, bali mtoto wa mwungwana mdogo. Anavua samaki, anajificha katika nguo za kike, analishwa na wajane. Pale Stirling, ushindi unategemea seremala aliyefichwa chini ya daraja ili azichomoe mbao wakati ufaao. Wanahistoria hawalikubali tukio hilo, lakini kama taswira ya ukombozi lina uzito wake: ufalme unaokolewa na fundi mwenye nyundo. Hary pia anamvika Wallace matendo ya Bruce bila haya. Vita vya Loudoun Hill, ambavyo Bruce alishinda mwaka 1307, vina pacha wake katika The Wallace miaka kadhaa mapema, na mshindi ni Wallace. Na ili kuyatia nguvu yote hayo, mtunzi anadai kwamba anafuata kitabu cha Kilatini cha John Blair, kasisi wa Wallace, kitabu ambacho hakijapata kuonekana.

Uhakiki wa haki hauwezi kukomea kwenye sifa. Chuki ya Hary kwa Waingereza haina kiasi. Mauaji yanafuatana, idadi ya waliouawa inatajwa kama mfanyabiashara anavyohesabu magunia, na pale Ayr wageni wanachomwa moto usiku wakiwa wamelala. Mtunzi haonyeshi kwamba mmoja wao alikuwa na mama. Msomaji anayetafuta ubinadamu wa adui katika utendi huu atautafuta sana. Kama utendi ungekuwa na haya tu, hukumu ya Mair ingetosha.

Kichwa cha Fawdoun

Lakini katika kitabu cha tano kuna tukio linaloupasua utendi huu katikati. Wallace na wenzake wachache wanakimbizwa usiku na Waingereza wenye mbwa wa kunusa. Mmoja wao, Fawdoun, anasema hawezi kuendelea. Wallace anamsihi, Fawdoun hasogei. Wallace anachomoa upanga na kumkata kichwa.

Msimuliaji anajaribu mara moja kumtetea shujaa. Hoja yake ina pande mbili: kama Fawdoun alikuwa mwongo, angejiunga na maadui, kama alikuwa mkweli, Waingereza wangemwua. Kwa vyovyote alikuwa mtu aliyekwisha kupotea. Mantiki hii inajulikana na kila kundi lililowahi kupigana msituni. Ni kamili, haina ufa, na ndiyo sababu inatisha: inathibitisha kwamba Fawdoun lazima afe bila kuthibitisha kwamba alikuwa na kosa. Mtunzi mwenye haja ya propaganda tu angeiacha hoja hiyo imalize kazi na kuipeleka hadithi mbele.

Hary haiachi. Usiku huo huo waliosalia wanafika katika jumba la Gask, wanawasha moto, wanachinja kondoo. Kabla ya kula, wanasikia baragumu ikilia nje. Wallace anatuma watu wawili wakatazame, hawarudi. Baragumu inalia tena kwa nguvu zaidi. Anatuma wengine, nao hawarudi, hata anabaki peke yake. Anachukua upanga, anakwenda mlangoni, na pale anamwona Fawdoun amesimama, ameshika kichwa chake mkononi. Fawdoun anamrushia kichwa hicho. Wallace anakidaka kwa nywele na kukirusha tena, kisha shujaa ambaye hajawahi kuogopa jeshi anakimbia; anavunja mbao za dirisha, anaruka chini na kutokomea gizani. Anapogeuka nyuma anaona jumba likiwaka moto, na Fawdoun akiwa juu yake na boriti kubwa mkononi.

Tukio hili limewahi kusomwa kama kitisho cha kuburudisha hadhira. Usomaji huo hautoshi, kwani mpangilio wa tukio unafuata mantiki yake yenyewe. Fawdoun aliuawa ili kundi lisalimike. Sasa kundi linapukutika wawili wawili mpaka aliyeua anabaki mpweke. Hoja ya msimuliaji ilikuwa hoja ya hesabu, na mfu anaijibu kwa hesabu. Tena, silaha ya mfu ni kichwa kile kile. Wallace anarudishiwa tendo lake mikononi, naye hana la kufanya ila kulitupa. Hajibu, haombi radhi, hatubu, anakimbia. Katika utendi wenye maelfu ya waliouawa kwa upanga wa shujaa, ni mmoja tu anayerudi kumkabili, naye si Mwingereza, bali ni mtu wa nyumbani ambaye kosa lake halikuthibitika.

Yafaa kulinganisha jambo hili na mwisho wa utendi. Baada ya kifo cha Wallace, Hary anasimulia kuhusu mtawa wa Bury, katika nchi ya Uingereza, anayetokewa na mtawa mwenzake aliyekufa. Mfu huyo anatabiri kwamba mwuaji mkubwa wa watu ataingia mbinguni. Mtawa aliye hai anapinga: kuua ni chukizo kwa Mungu. Anajibiwa kwamba mtu huyo ni Wallace, mlinzi wa Uskoti, na kwamba vita vyake vilikuwa vya haki. Basi utendi una wafu wawili wanaorudi: wa kwanza anamshitaki shujaa, wa pili anamwondolea hatia. Ingeonekana kwamba kesi imekwisha.

Haikwisha. Jibu la mfu wa Bury linatosha kwa Waingereza waliouawa, kwa sababu wao ndio upande wa pili wa vita vya haki. Halimgusi Fawdoun, ambaye hakuwa upande wa pili. Hakuna popote katika vitabu vinavyofuata ambapo mtunzi analifumba pengo hilo. Huenda Hary hakuliona. Huenda aliliona na kuliacha. Kwa mhakiki matokeo ni yale yale: utendi unaojitangaza kuwa sifa tupu unabeba ndani yake shitaka ambalo haukulijibu.

Shujaa baada ya Hary

Historia ya baadaye ya masimulizi haya ni historia ya kulisahau shitaka hilo. Mwaka 1722 William Hamilton wa Gilbertfield aliuandika upya utendi kwa lugha ya wakati wake, na ni katika toleo hilo mshairi Robert Burns alimsoma Wallace utotoni, akakiri katika barua ya mwaka 1787 kwamba hadithi hiyo ilimtia damuni hisia za Uskoti zisizotoka. Mwaka 1810 Jane Porter alichapisha riwaya ya The Scottish Chiefs, na mwaka 1869 mnara wa Wallace ulizinduliwa karibu na Stirling. Kila hatua ilimwinua shujaa juu zaidi kutoka katika matope ya Gask.

Braveheart, iliyoongozwa na Mel Gibson na kuandikwa na Randall Wallace, inamrithi Hary waziwazi: baba anaitwa Malcolm, mke anauawa na mtawala wa kigeni, na binti wa kifalme anamjia shujaa, mahali pa malkia aliyemjia katika utendi. Filamu hiyo ilitunukiwa tuzo tano za Oscar mwaka 1996. Wanahistoria wameorodhesha makosa yake: vita vya Stirling havina daraja, na Isabella wa Ufaransa, anayependana na Wallace, alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi Wallace alipouawa. Orodha hiyo ni sahihi, lakini inarudia kosa la wahakiki wa Hary kwa kutazama pasipo na jeraha. Tatizo kubwa zaidi ni jinsi filamu inavyoiosha damu ya nyumbani. Wallace wa filamu naye anawaua Waskoti, lakini ni makabaila ambao mtazamaji amewaona kwa macho yake wakimsaliti vitani. Mmoja anauawa kitandani na shujaa aliyeingia chumbani akiwa juu ya farasi, na kamera inamtaka mtazamaji ashangilie. Shaka imeondolewa kabla ya upanga kuinuliwa. Hakuna baragumu inayolia usiku.

Mwanzoni filamu inasema kwamba wanahistoria wa Uingereza watamwita msimuliaji mwongo, kwa sababu historia huandikwa na waliowanyonga mashujaa. Kauli hiyo ina nguvu, na kwa nchi zilizotawaliwa ina ukweli wake. Lakini aliyenyongwa naye anaweza kuandika historia inayosahau, na Fawdoun hakuuawa na Waingereza.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ukimya wa Barbour juu ya Wallace na wingi wa maneno wa Hary ni matokeo ya uhusiano wa kila mtunzi na kiti cha enzi, na kwamba hakuna kati yao anayeweza kusomwa kama shahidi wa mambo yaliyotukia. Imeonyeshwa pia kwamba baina ya njia tatu za kuisimulia damu ya nyumbani, ile ya Barbour inaikiri na kuigeuza deni la madhabahu, ile ya filamu inaihalalisha kabla haijamwagika, na ile ya Hary inaitetea kwa hoja, kisha inairuhusu isimame mlangoni.

Hili halimfanyi Hary kuwa mtunzi wa amani. Amebaki mtu wa chuki, na wafu wake wa Kiingereza wamebaki tarakimu. Lakini fasihi ya ukombozi hukabiliwa na kishawishi kimoja kila mahali: kumfanya mkombozi asiyedaiwa. Taifa linaloanzishwa juu ya shujaa asiyedaiwa hujifunza kutowadai wanaotawala kwa jina lake. Utendi wa Hary, uliokusudiwa kumjenga shujaa wa namna hiyo, ulishindwa katika kitabu chake cha tano. Na pale uliposhindwa ndipo unapostahili kusomwa.